Kimondo: Jina Moja, Vitu Vitatu

Alfajiri ya tarehe 7 Oktoba 2008, jiwe lenye upana wa mita 4 hivi lilipasuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Lilikuwa limegunduliwa saa 20 tu kabla, nalo ni la kwanza kutabiriwa kabla halijaanguka. Wanaastronomia waliliita 2008 TC3, wakakokotoa kwamba lililizunguka Jua kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Vipande vilivyookotwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum viliitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita (neno la pili halimhitaji mkalimani).

Hapo ndipo utata wa kileksika unapojitokeza. Mwalimu wa Roret akiulizwa kitu hicho ni nini, atajibu: kimondo. Lakini kimondo ni ule mwanga upitao kasi usiku juu ya mashamba ya chai. Huko Mbozi, Tanzania, kimondo ni chuma kizito, ambacho hakuna kumbukumbu ya aliyekiona kikianguka. Na lile lililokuwa bado likilizunguka Jua? Kuliita kimondo ni kuliita yai kuku. Heri litoholewe liwe asteroidi, mwanga ubaki kimondo, na kinachookotwa kiitwe mabaki ya kimondo. Ingawa watu wa Mbozi, kwa haki kabisa, hawataubadili usemi wao.