Dawa Ndani ya Gurudumu

Baisikeli ya mizigo ina adui mdogo: mwiba. Tazama watu wanaoleta makala Lubumbashi. Wanatoka mbali porini, na magunia yamefungwa nyuma na kando, hata mwenye baisikeli hana mahali pa kuketi. Anaisukuma kwa mikono, na kwenye mteremko anaizuia kwa nguvu zake zote. Mwiba ukiingia, upepo unatoka. Basi lazima ashushe mzigo, atoe tairi, atafute tundu, abandike kiraka, apige upepo, kisha apakie tena. Wakati huo wote jua linakwenda.

Mpira wa upepo si wa zamani sana. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, aliandikisha mpira wa upepo kwa ajili ya baisikeli. Kabla yake watu walipanda baisikeli zenye mpira mgumu, na mifupa yao ilijua. Mara watu wengi wakataka mpira wa upepo, na haja ya utomvu wa mpira ikaongezeka duniani. Babu zetu wa Kongo waliteswa sana kwa ajili ya utomvu huo siku za mfalme Leopold II. Habari hiyo ni kubwa, nayo ina somo lake. Hapa tuangalie tundu la mwiba.

Siku hizi watu wengine hutia dawa katika mpira wa ndani kabla haujatoboka. Ziko namna mbili. Moja imetengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, uliochanganywa na amonia kidogo ili usigande chupani. Nyingine ni maji mazito yenye nyuzi ndogo ndogo. Fundi hufungua kidomo cha chuma, kile tunachopigia upepo, akamimina ndani desilita 1 hivi, kama kikombe kidogo cha chai.

Dawa hiyo inafanyaje kazi? Upepo ndani ya mpira umebanwa, nao unatafuta njia ya kutoka. Tundu likitokea, upepo unakimbilia pale na kuisukuma dawa mbele yake. Nyuzi zinakwama tunduni kama majani yanavyokwama katika mfereji. Au utomvu unaganda pale na kuwa mpira. Mwenye baisikeli anang’oa mwiba, anageuza gurudumu mpaka tundu liwe chini ili dawa ilifunike, anaongeza upepo kidogo na kwenda zake. Lakini tundu liwe dogo. Mpira uliokatwa na chupa, au uliochanika kwenye shina la kidomo, dawa haiuwezi. Itamwagika yote barabarani.

Sasa liko neno lingine. Gurudumu lenye maji ndani, je, litazunguka vizuri, au litatikisika?

Fanyeni jaribio. Pindueni baisikeli isiyo na dawa, kiti na usukani viwe chini. Zungusheni gurudumu la mbele polepole na kuliacha lisimame lenyewe. Mara nyingi kidomo kitasimama chini. Kwa sababu gani? Upande ule ni mzito kidogo, na upande mzito hushuka.

Jaribio la pili: fungeni kopo kwa kamba yenye nguvu, tieni maji kidogo, kisha mtoto mmoja alizungushe upesi, kutoka chini kwenda juu na kurudi. (Wengine wakae mbali!) Kopo linapita juu, mdomo wake umeelekea chini, wala maji hayamwagiki. Lakini akilizungusha polepole, atalowa.

Dawa katika gurudumu inafuata njia ileile. Baisikeli ikisimama, dawa yote imekaa chini. Baisikeli ikienda polepole, dawa inajaribu kupanda pamoja na mpira, kisha inateleza na kurudi chini. Kwa gurudumu kubwa la inchi 28, mwendo ukizidi kilometa 7 kwa saa hivi, dawa haianguki tena inapopita juu. Inasukumwa nje kuelekea tairi na kujitandaza pande zote. Hapo hakuna upande uliozidi mwingine kwa sababu ya dawa. Ndiyo maana mpanda baisikeli huona gurudumu likirukaruka kidogo anapoanza safari, kisha linatulia. Na yule anayesukuma makala kwa miguu? Dawa yake hukaa chini karibu safari nzima, lakini gurudumu lake linazunguka polepole sana, hata haimsumbui.

Watu wengine husema kwamba dawa inasawazisha gurudumu lenye upande mzito. Sivyo. Dawa imejitandaza pande zote sawasawa. Upande uliokuwa mzito umebaki mzito.

Hatari inakuja dawa ikikauka. Baisikeli ikiachwa juani miezi kadhaa bila kutembea, dawa ya utomvu inaganda chini na kuwa donge. Donge halitelezi wala halijitandazi. Tuseme lina gramu 100. Ni kidogo, ndiyo. Lakini kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa gurudumu linazunguka karibu mara 2 na nusu kila sekunde, na donge linalivuta kwa nguvu kama ya uzito wa gramu 850. Likiwa juu linavuta juu, likiwa chini linavuta chini. Katika mteremko, kwa kilometa 40 kwa saa, mwendo umekuwa mara 2, lakini mvuto umekuwa mara 4: kama kilo 3 na nusu. Usukani unatetemeka mikononi, na mbele yako kuna kona. Hapo si mahali pa kuanza kuwaza habari za dawa.

Kwa hiyo baisikeli inayokaa nyumbani izungushwe magurudumu kila baada ya siku chache. Tena ijaribiwe kwa chaki: pindua baisikeli, zungusha gurudumu polepole, likisimama utie alama chini kabisa. Rudia mara 5. Ikiwa alama ileile inarudi chini kila mara, wala si penye kidomo, afadhali kuufungua mpira na kutazama ndani. Mpira wenye donge ubadilishwe. Na ukitaka kubandika kiraka juu ya tundu lenye dawa, upanguse na kuukausha mpira kwanza, kwa maana gundi haishiki penye unyevu.

Maulizo

1. Kwa nini kidomo mara nyingi husimama chini?
2. Dawa iko wapi baisikeli ikisimama? Iko wapi ikienda kilometa 15 kwa saa?
3. Ni matundu gani ambayo dawa haiwezi kuziba?
4. Mwendo ukiongezeka mara 3, mvuto wa donge unaongezeka mara ngapi?