Watoto Wadogo na Michezo ya Uigizaji ya Mezani

Swali: Je, mtoto wa miaka 5 anaweza kufundishwa mchezo wa uigizaji wa mezani?

Jibu: Anaweza. Katika mchezo huu, uliojulikana kupitia Dungeons & Dragons iliyotolewa Marekani mwaka 1974, msimulizi hueleza tukio, mchezaji husema mhusika wake atafanya nini, kisha dadu huamua kama amefaulu; hivyo mtoto aliyezoea kucheza baba na mama tayari anao msingi wake. Inafaa kuanza na mahali anapopafahamu, kama vile msitu wa Mlima Meru, ambamo mbega aliyepotea anatafuta njia ya kufika kwenye maziwa ya Momela, kwa kanuni moja tu: 4 au zaidi kwenye dadu ni kufaulu. Kushindwa kuigeuze hadithi, kusiimalize. Mzazi anayesimulia asimwamulie mtoto mhusika wake atafanya nini.