Maswali Manne Kuhusu Ukweli, Yamejibiwa Kisayansi

Kila muhula wa kwanza naulizwa maswali haya haya. Safari hii nimeyapima kwa kifaa changu, ukwelimita, ambacho husoma sifuri kila kikisogezwa karibu na jukwaa la kampeni.

*Ukweli una uzito gani?*
Kilo moja kamili. Tangu 1889 kilo ilikuwa kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa karibu na Paris. Kilipolinganishwa na nakala zake, ikaonekana tofauti ya takriban mikrogramu 50. Nani kapungua? Kipande kile, kwa sheria, hakikosei; basi dunia nzima ndiyo iliyonenepa! Mwaka 2019 wanasayansi walimchoka bosi asiyekosea, wakaipima kilo kwa namba thabiti ya maumbile.

*Nikiona kwa macho yangu, si ndiyo ukweli?*
Inategemea unatamani kuona nini. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia wa Nancy, Ufaransa, alitangaza miale mipya, miale ya N. Wenzake kibao nao wakaiona. Mwaka 1904 Robert Wood kutoka Marekani akamtembelea maabara, akachomoa prizimu kimyakimya gizani. Blondlot akaendelea kusoma vipimo kama kawaida! Hakuwa mwongo, jamani. Alikuwa na hamu, na taa zilikuwa zimezimwa.

*Wengi tukikubaliana je?*
Kundi la watu kumi, pendulamu ya uzi na kokoto, wote mmepata 9.8 bila kupishana hata kidogo. Hiyo siyo fizikia, hiyo ni WhatsApp.

*Kwa hiyo ukweli haupo, kila mtu na wake?*
Taratibu, usikimbilie huko. Prizimu haikuwa mahali pake, hata kama Blondlot hakujua. Kutopendelea hakumaanishi kuwa mtu asiye na upande. Mtu huyo bado hajazaliwa. Ni kufanya kazi yako wazi kiasi kwamba mwingine anaweza kuja kukuumbua.

Basi ukienda fildi, hojaji zijazwe na wahojiwa, si wewe na mwenzako chini ya mwembe. Ukipata 9.3, andika 9.3, kisha eleza ulivyopima. Leo unapika data upate alama. Kesho kuna mtu atapewa dozi kwa namba kama hizo, na mwili wake hausomi grafu nzuri.

Msimamizi akinuna, mwambie dunia imenenepa.