ELIMU KWA UMMA: Shule, Mwalimu na Sheria – Nani Anawajibika kwa Nini?

Katika mikutano ya wadi, wakazi huuliza mara kwa mara kwa nini shule fulani ya msingi haina walimu wa kutosha na serikali ya kaunti imenyamaza. Wengine huuliza kama mwakilishi wadi anaweza kumhamisha mwalimu, au kama shule ina ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya pesa. Majibu ya maswali haya yamo katika sheria. Mzazi anayeyajua huenda moja kwa moja kwa afisa anayehusika. Asiyeyajua huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na wakati huo wote mtoto anapoteza masomo.

Somo hili linaeleza sheria nne zinazosimamia elimu ya watoto wetu, na wajibu ambao kila mmoja amepewa.

1. Katiba ya Kenya, 2010

Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata elimu. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto, yaani mtu ambaye hajafikisha miaka 18, ana haki ya elimu ya msingi ambayo ni ya lazima na isiyolipiwa. Kifungu cha 54 kinamhakikishia mtu mwenye ulemavu nafasi katika taasisi za elimu pamoja na vifaa anavyohitaji.

Kazi zenyewe zimegawanywa katika Jedwali la Nne la Katiba. Serikali ya kitaifa inasimamia sera ya elimu, viwango, mtaala, mitihani, shule za msingi, shule za sekondari, shule za mahitaji maalum na vyuo vikuu. Serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto.

Kaunti haiwezi kuchukua kazi ya serikali ya kitaifa kwa hiari yake tu. Kifungu cha 187 kinataka kuwe na makubaliano kati ya serikali hizo mbili. Ndiyo maana hata suala la basari za kaunti kwa wanafunzi wa sekondari limekuwa likizua mjadala kuhusu makubaliano hayo.

2. Sheria ya Elimu ya Msingi, 2013

Sheria hii ilichukua nafasi ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968. Inapotaja elimu ya msingi, haimaanishi shule ya msingi peke yake. Inajumuisha chekechea, shule ya msingi na sekondari. Mambo haya yafaa kila mzazi ayajue:

• Karo ya masomo: Kifungu cha 29 kinakataza shule ya umma kumtoza mtoto wa Kenya karo ya masomo. Ada nyingine zinaweza kutozwa, lakini kwa idhini ya Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa sababu ada hizo hazijalipwa. Tena, hakuna anayeruhusiwa kupokea pesa hizo bila kutoa risiti rasmi.

• Wajibu wa mzazi: Kifungu cha 30 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Mtoto akikosa shuleni, mwalimu mkuu anapaswa kuchunguza sababu.

• Adhabu: Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kifungu cha 36 cha sheria hii kinakataza mateso na adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha mwanafunzi, awe ametendewa na mwalimu au mtu mwingine yeyote.

• Masomo ya likizo: Kifungu cha 37 kinakataza kuwafundisha wanafunzi wakati wa likizo.

3. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu, 2012

Tume hii, inayojulikana zaidi kama TSC, ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Kabla ya hapo, walimu waliajiriwa na mabaraza ya wilaya, makanisa na waajiri wengine, na masharti yao ya kazi yalitofautiana. Chama cha walimu cha KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilipigania mwajiri mmoja kwa walimu wote. Mwaka 2010 TSC iliingizwa katika Katiba, Kifungu cha 237, ikawa tume huru.

Kwa mujibu wa kifungu hicho, TSC ndiyo inayowasajili walimu waliohitimu, kuwaajiri, kuwapeleka katika shule za umma, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwaachisha kazi. Gavana, mbunge, mwakilishi wadi au chifu hana mamlaka ya kumhamisha mwalimu wa TSC. Mpango huu unamlinda mwalimu dhidi ya siasa za mahali, na unamlinda mzazi pia, kwa kuwa malalamishi yake kuhusu mwalimu yanashughulikiwa na chombo kisichotegemea kura za mtu.

Sheria ya 2012 inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na TSC. Sharti hili linawahusu walimu wa shule za kibinafsi na wale walioajiriwa na bodi za shule pia. Mzazi ana haki ya kuuliza.

4. Sheria ya Elimu ya Watoto Wachanga, 2021

Sheria hii inafafanua wajibu wa kaunti kuhusu chekechea. Mwalimu wa chekechea ya umma huajiriwa na kaunti kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kwa hivyo mshahara wake, idadi ya walimu katika kituo, madarasa na vyoo ni maswali ya kuuliza serikali ya kaunti na bunge la kaunti.

Ubishe hodi wapi?

• Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada: Anza kwa mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi ya shule. Usiposikizwa, nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Beba risiti na barua yoyote uliyopewa.

• Shule ya msingi au sekondari ina uhaba wa walimu, au mwalimu hahudhurii: Ofisi ya TSC katika kaunti ndogo au kaunti.

• Mtoto amepigwa au amedhulumiwa: Ripoti kwa polisi na ofisi ya watoto. Aliyehusika akiwa mwalimu, ripoti kwa TSC pia. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na haitozwi malipo.

• Chekechea au chuo cha ufundi cha kijiji kina tatizo: Idara ya elimu ya kaunti, ofisi ya msimamizi wa wadi, au mwakilishi wadi wako.

Kwa matatizo ya chekechea yanayohitaji pesa, kuna nafasi nyingine muhimu. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Darasa la chekechea ambalo halikuwekwa kwenye bajeti halitajengwa mwaka huo. Tangazo la kikao cha maoni likitolewa katika wadi yako, hudhuria ukiwa umeandika jina la kituo, idadi ya watoto na kile kinachokosekana, kisha uyakabidhi maoni yako kwa maandishi.