SOMO LA FUNDI: RAFU JUU YA SANDUKU LA ZANA



Msimu wa karafuu ukifika, gari haina ruhusa kuugua. Karafuu mbichi zikilala guniani hupata joto na kuvunda, na hata zikianikwa baadaye hutoka nyeupe, wala hazipati bei. Mwaka mmoja gari yetu ilishindwa kutoka bandani, na magunia yakingoja shambani. Kasoro ilikuwa ndogo, mpira wa maji tu. Lakini bisibisi ilikuwa chini kabisa ya sanduku, imefunikwa na minyororo, matambara na makopo. Ilipopatikana, jua lilikuwa limekwisha kuchwa.

Basi tukapiga rafu ukutani kwa misumari. Haikumaliza mwezi. Kuta zetu za mawe na chokaa hazishiki msumari wenye mzigo. Rafu ilianguka pamoja na jeki iliyokuwa juu yake, ikamkosa mwanagenzi wetu kwa shubiri moja. Kosa lilikuwa letu, na ndiyo sababu ya somo hili.

Kanuni ya kwanza: mzigo ubebwe na sakafu, si ukuta. Wala rafu isifungwe juu ya sanduku lenyewe, hasa likiwa la magurudumu; ukivuta droo mbili zilizojaa, na juu kuna uzito, sanduku lote laweza kukuangukia.

Kupima. Fungua kifuniko cha sanduku mpaka mwisho, kisha pima kutoka sakafuni hadi ncha yake ya juu. Ongeza inchi 4. Hapo ndipo rafu ya chini itakapokaa. Wengi hupima kifuniko kikiwa kimefungwa, wakaja kujuta. Sanduku letu lina upana wa inchi 26, na kifuniko kikiwa wazi hufika futi 4 na nusu.

Mbao. Tulichukua mbao mbili za ubavu, urefu futi 6 na nusu, upana inchi 9, unene inchi 1 na nusu. Zilisimamishwa huku na huku ya sanduku, nafasi kati yake inchi 30, ili sanduku liweze kuvutwa nje. Rafu ni mbili, unene inchi 1, zimeachana futi moja. Kila rafu hulala juu ya vibao vilivyotiwa skrubu za inchi 2 kwenye mbavu. Nyuma, baina ya rafu mbili, piga ubao mmoja wa kukingama ulioshika mbavu zote mbili. Bila huo kazi yote itayumba. Mbele ya kila rafu tia ufito, zana zisiteleze. Chini ya mbavu weka mawe bapa, kwa ajili ya unyevu na mchwa.

Mwisho, kichwa cha mbavu kifungwe kwenye boriti ya paa, au ukutani kwa boliti zinazopenya hadi upande wa pili, na vipande vya bati nene nyuma yake. Kazi ya kifungo hiki ni kuzuia rafu isiiname mbele tu.

Kupanga. Vitu vyepesi na visivyotumika kila siku viwekwe juu: gasketi, mikanda, makopo ya nati. Jeki, nyundo kubwa na minyororo vibaki chini. Petroli na maji ya betri visipandishwe kabisa. Spana zitundikwe kwenye ubao wa nyuma, na kila moja ichorewe umbo lake kwa rangi. Ikikosekana, pengo litakuambia. Hewa yetu ya chumvi haisamehe chuma, kwa hiyo futa kila zana kwa kitambaa chenye oili kabla ya kuirudisha.

Kabla ya kuitumia rafu, iwekee mzigo wa kilo 20 ulale hadi kesho. Ubao ukipinda au skrubu ikilegea, rekebisha kwanza.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini tunapima kifuniko kikiwa wazi?
2. Ubao wa nyuma una kazi gani mbili?
3. Jeki yakaa wapi, na kwa nini?

Ajuaye majibu haya na aanze kazi sasa, kabla karafuu hazijaiva.