UMEBOFYA? PIGA SIMU SASA HIVI
Mwongozo kwa wafanyakazi, msimu wa manunuzi ya Krismasi na Mwaka Mpya

Kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni, malalamiko huanza kumiminika, na kisa ni kilekile. Mtumishi ameagiza viatu vya watoto mtandaoni. Unamjia ujumbe kwamba mzigo umekwama, alipie ada ndogo uachiliwe. Anabofya kiungo kwenye kompyuta ya kazini, ukurasa unamtaka aingie kwa barua pepe, anaandika neno la siri, kisha ukurasa unagoma. Anashtuka. Ananyamaza.

Kununua ni haki yenu. Kunyamaza ndiko kunakoziumiza ofisi, na ndiko tunakotaka kukomesha msimu huu.

Kinachotokea ukinyamaza

Neno la siri likishamfikia mwizi, hana papara. Anaingia kwenye barua pepe yako bila kelele na kuweka maelekezo ya kujiendesha, ili kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" imfikie nakala yake. Kisha anasoma. Anamjua mhasibu kwa jina, anajua msambazaji yupi anadai na bosi anakwenda likizo lini. Wiki ya Krismasi, nusu ya ofisi ikiwa safarini kwenda mikoani, mhasibu aliyebaki anapokea barua kutoka kwenye anwani yako halisi: akaunti ya msambazaji imebadilika, lipa leo kabla benki hazijafunga. Analipa.

Wengi hubadilisha neno la siri na kudhani wamemaliza. Hawajamaliza. Maelekezo yale yanaweza kubaki palepale, na kifaa cha mwizi kikabaki kimeingia. Usijitibu mwenyewe, mwachie mtaalamu wa TEHAMA akague.

Mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani ilivamiwa katikati ya msimu kama huu. Wezi walipita kwa mkandarasi wake wa majokofu na viyoyozi, waliyemnasa kwa barua pepe ya hila, wakachukua siri zake za kuingilia kwenye mfumo. Kati ya tarehe 27 Novemba na 15 Desemba zikaibwa taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Mitambo ya ulinzi ilitoa tahadhari, lakini hazikufanyiwa kazi kwa wakati. Anayedhani ofisi yake ni ndogo mno kumvutia mwizi, na amfikirie mkandarasi yule.

Cha kufanya palepale

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Usiizime kompyuta, maana baadhi ya alama alizoacha mwizi hupotea ikizimwa. Usifute ujumbe ule. Kisha piga simu kitengo cha TEHAMA.

Tumesema piga simu. Usiandike barua pepe, kwa sababu kama mwizi yumo humo, ataisoma kabla ya fundi. Kama neno hilohilo la siri unalitumia Facebook, dukani au benki, liseme na hilo, hata ukiona aibu. Piga simu kabla ya chai, kabla ya kikao, kabla ya kumwuliza mwenzako wa meza ya pili kama naye yalimkuta. Tunarudia kwa kuwa tunajua wapo watakaosoma hapa na bado wangoje hadi Jumatatu.

Kwa wahasibu: akaunti ya malipo ikibadilika, mpigie msambazaji kwa namba iliyomo kwenye mkataba, kamwe si ile iliyo kwenye barua. Hata barua ikitoka kwa mkurugenzi, mpigie. Naye mkurugenzi asikasirike kupigiwa. Kama fedha zimeshatoka, benki ipigiwe dakika hiyohiyo.

Wakuu wa vitengo, mtumishi anayetoa taarifa mapema ameiokoa ofisi. Ukimfokea mbele ya wenzake, atakayefuata atanyamaza, na hasara hiyo utaibeba wewe. Tunajivunia kwamba ofisi zilizobandika namba ya TEHAMA ukutani baada ya semina zetu sasa hupiga simu mapema, na yapo malipo yaliyozuiwa kabla ya kutoka benki.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwajiri azilinde taarifa za watu alizonazo, na zikivuja aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hawezi kuripoti asichoambiwa.

Mwongozo huu unawahusu watumishi wa kudumu, wa mkataba, wa kujitolea na wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Masharti mengine yamo kwenye sera ya TEHAMA ya mwajiri.

Ukinunua

Tumia simu yako, bando lako na barua pepe yako binafsi. Neno la siri la dukani lisifanane na la kazini. Namba ya uhakiki inayoingia kwenye simu yako usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka benki au kampuni ya simu. Namba ya tapeli itume kwenda 15040 bila malipo, na kama umeibiwa nenda kituo cha polisi ukachukue RB.

Jaza kwa kalamu kabla ya kubandika ukutani:

Simu ya TEHAMA: ____________
Simu ya zamu ya sikukuu: ____________
Simu ya benki ya ofisi: ____________