Kiti cha Darubini

Watu huisifu darubini kwa ajili ya kioo chake. Ni wachache wanaokisifu kiti chake. Lakini kioo chema juu ya kiti kibaya hakifai kitu, kama vile bunduki njema isivyofaa mikononi mwa mtu atetemekaye. Darubini hukuza kila kitu kilicho mbele yake, nayo hukuza hata kosa la kiti chake. Ikiwa yaukuza mwezi mara 50, basi mtikisiko mdogo wa mkono au wa upepo nao huonekana umekuzwa mara 50. Mtazamaji huona nyota ikirukaruka kama cheche ya moto, hata huondoka akinung'unika kwamba darubini ni mbovu. Kumbe darubini ni nzima; kilicho kibovu ni kiti.

Tena iko kazi ya pili ya kiti. Dunia yetu haitulii, bali hujizungusha mara moja kila siku. Kwa hiyo nyota huonekana kwenda kutoka mashariki hata magharibi, kadiri ya digrii 15 kwa saa moja. Upana wa mwezi machoni petu ni nusu digrii tu. Basi kwa muda wa dakika 2 mwezi husogea kadiri ya upana wake. Darubini ionyeshayo digrii 1 ya mbingu yaweza kuipoteza nyota kwa dakika 4, au upesi zaidi, ikiwa haikusogezwa. Basi kiti chema chatakiwa kuwa na tabia mbili zinazoonekana kupingana: kisimame imara pasipo kutikisika, na tena kikubali kusogea kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Kwa muda mrefu viti vya darubini kubwa vilifanyizwa kwa chuma, pamoja na ekseli na magurudumu yenye meno. Kiti cha namna hiyo chaweza kuwa ghali kuliko kioo chenyewe. Watu wengi waliotamani kuzijua nyota walirudishwa nyuma na bei. Mtu aliyewafungulia mlango alikuwa yeye mwenyewe hana fedha.

MTAWA MASKINI

John Dobson alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Beijing, nchi ya China. Alipokuwa angali mtoto, jamaa yake walihamia San Francisco, Marekani. Alijifunza elimu ya kemia katika chuo kikuu, na mwaka 1944 akaingia katika nyumba ya watawa wa Vedanta, mafundisho yaliyotoka India. Watawa wa nyumba ile waliweka nadhiri ya umaskini; kwa hiyo Dobson hakuwa na mshahara wala akiba.

Mwaka 1956 alifanyiza darubini ndogo kwa lenzi iliyopatikana katika duka la vitu vikuukuu, naye akaziona pete za sayari Zohali. Baadaye alichukua kioo kinene cha dirisha la meli kuukuu, upana wake inchi 12, akakisugua kwa mchanga mkali mpaka kikawa na bonde jembamba kama la sahani. Alipokielekeza mwezini, aliona milima na mashimo kana kwamba amekaribia kutua huko. Tangu usiku ule wazo moja halikumwacha: uzuri huu si wa mtu mmoja, yafaa kila mtu auone.

Basi akaendelea kufanyiza darubini kwa vitu vilivyotupwa: mabomba ya karatasi nene, mabaki ya mbao, na vioo vya meli. Alizitia magurudumu, akazikokota usiku katika njia za jirani, na watoto wakaja kutazama. Lakini mtawa yu chini ya amri ya wakubwa wake, na kazi ile ilimtoa nje ya wajibu wake mara nyingi. Mashaka yakazidi, hata mwaka 1967 akatakiwa kuondoka. Hivyo alipoteza makao yake ya miaka 23, wala hakuwa na mali ya kuanzia maisha mapya.

Wengi wangalitupa darubini na kuilaani. Dobson hakufanya hivyo. Mwaka 1968, pamoja na vijana aliowafundisha, alianzisha chama kilichoitwa San Francisco Sidewalk Astronomers, maana yake wanafalaki wa kando ya njia. Walisimama na darubini zao penye pembe za barabara, wakawaita wapitao waje watazame bure. Dobson alifariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 98. Kiti alichokifanyiza kwa mabaki ya mbao leo chaitwa kwa jina lake katika nchi nyingi, hata viwanda vyakifanyiza na kukiuza. Mwenyewe hakujisifu kwa ajili yake. Alikuwa akisema kwamba mizinga ya vita ilikalia viti vya namna hiyo tangu zamani.

Neno hilo ni kweli. Aliyeiona mizinga ya kale katika Ngome ya Yesu huko Mombasa atakumbuka kwamba kila mzinga una mikono miwili mifupi ya mviringo, mmoja upande huu na mmoja upande huu. Mikono hiyo hulala katika nafasi zilizokatwa katika kiti, na mzinga huinuka na kuinama juu yake. Darubini ya Dobson hufanya vivyo hivyo, ila haimwui mtu.

JINSI KITI KINAVYOFANYIZWA

Tuseme iko darubini ya kioo chenye upana wa inchi 6, na bomba lake ni la karatasi nene, urefu futi 4, unene inchi 8. Kiti chake kina sehemu tatu.

Kwanza, sanduku la bomba. Mbao nne hupigiliwa pamoja kuwa sanduku lisilo na kifuniko wala kitako, upana wake wa ndani inchi 8, ili bomba lishikwe sawasawa. Katika mbavu mbili zinazoelekeana hutiwa vipande viwili vya mviringo, upana wake inchi 6. Hivyo ndivyo mikono ya mzinga. Yapasa vitovu vyake vielekeane kabisa. Kimoja kikipanda kuliko chenzake, bomba litakwenda upande.

Pili, sanduku la kubebea. Hili lina sakafu, mbavu mbili, na ubao wa mbele. Nyuma huachwa wazi ili kitako cha bomba kipate kupita. Juu ya kila ubavu hukatwa nafasi ya kulaza mkono wa mviringo. Urefu wa mbavu haukisiwi kwa macho, hupimwa. Ikiwa bomba husimama mizani penye inchi 18 kutoka kitako chake, basi vitovu vya mikono vitakuwa inchi 20 juu ya sakafu. Kama sivyo, bomba likisimamishwa wima litagonga chini. Ubao wa mbele uwe mfupi, usizuie bomba linapolazwa.

Tatu, ubao wa chini. Huu hulala juu ya miguu mitatu mifupi. Mitatu ndiyo hesabu iliyo bora, kwa sababu kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata penye ardhi isiyo sawa, kama vile mafiga matatu yanavyoshika chungu. Katikati hupitishwa bolti moja, nayo hupita pia katika sakafu ya sanduku la kubebea, ili sanduku lizunguke juu ya ubao.

SIRI YA KUTELEZA

Mbao mbili zikilala moja juu ya moja hushikana. Mtu asukumaye sanduku zito sakafuni hujua jambo hili: huanza kwa nguvu nyingi, kisha linapoachia huruka mbele kuliko alivyotaka. Darubini ikiruka hivyo, nyota hupotea. Kwa hiyo chatakiwa kitu ambacho nguvu ya kukianzisha ni karibu sawa na nguvu ya kukiendesha. Plastiki iitwayo Teflon ina tabia hiyo. Vipande vitatu vidogo vyake hupigiliwa juu ya ubao wa chini, kila kimoja juu ya mguu wake hasa, ili uzito ushuke moja kwa moja na ubao usipindike. Vichwa vya misumari huzamishwa ndani, visikwaruze. Vipande viwili vingine hutiwa katika kila nafasi ya mikono ya juu.

Asiyeipata Teflon aweza kukata vipande katika dumu kuukuu la plastiki. Chini ya sakafu ya sanduku yafaa kubandika kitu kigumu chenye uso laini. Sahani ya santuri iliyokwisha kuharibika hufaa sana, maana ina tundu tayari katikati kwa ajili ya bolti.

MIZANI NA SHABAHA

Kiti kikiisha, bomba hutiwa ndani ya sanduku lake pamoja na vioo na lenzi ya jicho, kisha husogezwa mbele na nyuma mpaka litulie pale lilipoachwa. Likiinama mbele, kitako ni chepesi. Mfuko mdogo wa mchanga uliofungwa huko huondoa kosa. Gharama yake ni uzi tu.

Kwa kuwa darubini huonyesha kipande kidogo cha mbingu, kuipata nyota ni kazi kwa asiye na shabaha. Bomba jembamba la karatasi, urefu wa kalamu mbili, hufungwa juu ya darubini. Mchana darubini huelekezwa juu ya mti ulio mbali, halafu bomba dogo husogezwa mpaka mti ule ule uonekane katikati yake. Hapo hukazwa. Usiku atazamaye hutafuta kwanza kwa bomba dogo, ndipo huweka jicho penye lenzi.

Liko onyo moja lisilosahauliwa. Darubini isielekezwe kwenye jua hata mara moja, wala bomba la shabaha lisitumiwe kulitafuta. Kioo hukusanya mwanga na joto la jua mahali pamoja, na jicho laweza kupofuka mara, bila mtu kusikia maumivu. Wakati wa mchana bomba hufunikwa, na watoto wadogo wasiachwe nalo peke yao.

Wakaao karibu na ikweta wamepewa zawadi kubwa, kwa kuwa nyota za kaskazini na za kusini zote huwapitia kwa zamu zake. Wataona Msalaba wa Kusini, na Kilimia, kundi ambalo wakulima walilitazama tangu zamani ili kujua majira ya kulima. Kwa macho matupu Kilimia ni nyota sita au saba. Kwa darubini ni makumi. Wataona pia miezi minne mikubwa ya sayari Mshtarii, ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610.

Mwenye kiti kama hiki asikifungie chumbani. Kioo hakipungui kwa kutazamwa na wengi. Dobson alinyimwa makao, asinyimwe kazi yake, kwa kuwa hakuifanya kwa ajili yake peke yake. Mwanafunzi akiisha kumwonyesha jirani yake pete za Zohali, ndipo amemaliza kukifanyiza kiti chake.

MASWALI

1. Kwa nini mtikisiko mdogo wa kiti huonekana mkubwa katika darubini?
2. Mwezi husogea kadiri ya upana wake kwa dakika ngapi? Eleza hesabu yake.
3. Taja vitu vitatu vilivyotupwa ambavyo Dobson alivitumia.
4. Bomba lisimamalo mizani penye inchi 22 kutoka kitako lataka vitovu vya mikono viwe juu kadiri gani?
5. Kwa nini vipande vya plastiki huwekwa juu ya miguu hasa?
6. Je, Dobson alifanya vema kuendelea na kazi yake alipokwisha kuondolewa? Toa sababu zako.